Nani atalipia Sani lenye tope?

Jamaa aliyatandaza magazeti juu ya turubai, nje ya nyumba ya baba mdogo pale Katesh, akaanza kuyagawa mafungu matatu. Nilidhani anayapanga kwa miaka. Kumbe anayapanga kwa usafi. Fungu la kwanza lilikuwa la yale yenye jalada lililonyooka, pini zisizo na kutu, kona zisizokunjwa: shilingi 15,000 kila moja. Fungu la pili ni yaliyochanika kidogo, au yale ambayo mtu alijaza chemshabongo kwa kalamu: 2,000. Fungu la tatu yameguswa na tope. "Mzee, hayo bakini nayo tu," akasema. Alifanya kazi dakika kama ishirini, kwa mikono safi na adabu zote, na katika dakika hizo ishirini hakusoma hata ukurasa mmoja.

Magazeti yenyewe ni Sani, karibu yote ya miaka ya 1980. Kwa msomaji aliyezaliwa juzi: Sani ni gazeti la katuni na hadithi lililoanzishwa Dar es Salaam na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake ni vipande vya majina yao. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Dokta Love Pimbi. Mchoraji anayetajwa kwanza kila Sani ya enzi hizo inapozungumzwa ni Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana kabisa. Baada yake wahusika waliendelea kwa mikono ya wengine. Hii habari ya mikono naomba uishike, nitairudia.

Mimi nanunua Sani kuukuu muda sasa. Mwaka 2012 nilipata matatu kwa muuza vitabu vya mtumba barabarani Dar, shilingi 500 kila moja, na alinishangaa. Mwaka 2019 mwingine alitaka 3,000. Sasa ni 15,000, tena Katesh, mlangoni kwa mwenye mali. Hizo siyo takwimu, ni mfuko wangu tu unavyokumbuka. Ila mwelekeo unauona. Na kilichobadilika si bei peke yake. Mwaka 2012 muuzaji aliniuliza, "Unataka lenye hadithi gani?" Sasa hivi swali ni moja: "Jalada lipo?"

Swali hilo limetoka mbali. Marekani, tangu mwaka 2000, kuna kampuni inaitwa CGC. Unawapelekea gazeti lako la katuni, wanalikagua, wanalipa alama kati ya 0.5 na 10, halafu wanalifungia ndani ya plastiki ngumu. Ukilifungua, alama imekufa. Kwa hiyo lenye 9.8 ni gazeti ambalo hakuna atakayelisoma tena, na ukweli ni gazeti ambalo karibu hakuna aliyewahi kulisoma. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, ambamo Superman alitokea mara ya kwanza, iliuzwa senti 10. Mwaka 2010 nakala moja ilifika dola milioni 1. Mwaka 2014 nyingine, yenye alama 9.0, ikaenda kwa milioni 3.2, na mwaka 2024 yenye 8.5 ikaenda kwa milioni 6. Novemba 2025 ikaja Superman namba 1 ya mwaka 1939, alama 9.0: dola milioni 9.12. Hiyo ya mwisho ndugu watatu waliikuta darini kwa marehemu mama yao, California, ndani ya boksi chini ya rundo la magazeti makuukuu.

Ukisikia hivyo utadhani kanuni ni nyepesi, kwamba kitu adimu ni ghali. Sivyo. Ni kweli watoto wa Marekani walipeleka katuni zao kwenye makusanyo ya karatasi wakati wa vita vya pili vya dunia, na ndiyo sababu mojawapo za 1938 zimebaki chache. Lakini pia X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilichapwa nakala zaidi ya milioni 8, watu wakanunua tano tano na kuziweka kwenye nailoni wakisubiri utajiri. Mpaka leo wanasubiri. Bei zilizopaa 2020 na 2021, watu wakiwa wamejifungia majumbani, zilianza kuporomoka 2022 kwa matoleo mengi ya kawaida. Kila mtu alikuwa amekimbilia kupeleka la kwake likapewe alama, na yale ya 9.8 yaliyoitwa adimu yakaonekana si adimu kivile. Wanajuaje? Kampuni inatangaza hesabu: toleo fulani, alama fulani, nakala ngapi zimepita mikononi mwake. Kule uchache unahesabiwa, na mnunuzi analipia hesabu hiyo sawa na anavyolipia karatasi.

Sasa rudi kwetu. Sani la mwaka 1984 lilichapwa wakati karatasi yenyewe ilikuwa ya kutafutwa: nchi imetoka vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi bado hakijaanza kutoa mzigo. Likitoka, linapanda basi mpaka Arusha, Babati, kisha ama linapanda Mbulu ama linakuja Katesh. Likifika, ninyi wa mjini mnaita kusoma, sisi huku tuliita kutumia. Linasomwa kwanza, na watu kumi na tano. Kisha jalada linabandikwa ukutani juu ya kitanda cha kijana wa kiume. Kurasa za katikati zinafungia chumvi na maandazi. Za mwisho wazee wanaviringishia tumbaku, na kilichobaki kinakwenda msalani. Nyumbani tulisema Kiiraqw, shuleni tulifundishwa Kiswahili cha ubao. Kiswahili cha mtaani, cha kudaiwa na kukwepa madeni, cha kujifanya tajiri huku soli imetoboka, tulifundishwa na Lodi Lofa. Ukiniuliza nakala moja ya Sani ilifanya kazi gani wilaya za Mbulu na Hanang, nitakwambia ilikuwa kamusi, pambo na bahasha, kwa mfuatano huo.

Kwa hiyo mzigo umeisha. Umeisha kabisa kuliko wa 1938 kule Marekani, maana huko zinakadiriwa kubaki nakala kama mia moja na mtu anazifuatilia moja moja. Kwetu bei ya uchache wote huo ni shilingi 15,000, na hiyo kwa lile safi tu.

Mtu wa Mbulu haelezwi maana ya daraja. Vitunguu swaumu vyetu vinapangwa kwa daraja kila msimu, dalali anaangalia ukubwa wa kichwa na ukavu wa ganda, na mkulima anajua dalali anamwonea wapi. Lakini dalali wa swaumu, pamoja na ujanja wake wote, anavunja punje na kunusa. Anajua ndani kuna kitu na kwamba hicho kitu ndicho atakachouza. Huyu wa katuni hakunusa.

Sasa nieleze magazeti haya yalivyobaki, maana si kawaida. Baba mdogo alikuwa karani wa stoo kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, Basotu, yale yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, ambayo Wabarbaig wana maneno yao juu ya ardhi yake, na ni maneno ya haki. Alikuwa na mshahara wa mwezi na tabia ya karani wa stoo: hakitoki kitu bila kuandikwa. Kila Sani lililoingia nyumbani kwake aliliandika kwenye daftari la mistari lenye safu nne. Namba, tarehe ya kuingia, aliyeazima, limerudi. Daftari lina matoleo 58. Kwenye sanduku la bati yalikuwemo 41. Yaliyosalia hayakurudi, na kila ambalo halikurudi lina jina la mtu, hivyo usije ukamtembelea baba mdogo ukataja mojawapo ya majina hayo.

Hali ya hewa ilimsaidia. Katesh na Mbulu mjini ziko juu ya mita 1,500, na Julai unalala na blanketi mbili. Karatasi ya gazeti ikikaa kwenye joto na unyevu wa Dar inageuka rangi ya chai na kuvunjika kama kaukau. Kwenye baridi inavumilia. Mwaka 1977 mfanyabiashara Chuck Rozanski alinunua kule Colorado, nyanda za juu kavu, maelfu kwa maelfu ya katuni za mzee mmoja, Edgar Church, na usafi wake unasifiwa mpaka leo. Ningekuwa mfanyabiashara nisingehangaika na Dar. Ningekuja nyanda za juu, na ningeanzia Haydom, ambako Wanorwe walifungua hospitali mwaka 1955, na Wanorwe nao ni watu wa katuni: Donald Duck linachapwa kwao tangu 1948. Natania, lakini nusu tu.

Baridi hiyo yote haikusaidia kitu tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang ulipoteremsha tope na mawe juu ya Katesh na Gendabi. Walikufa watu zaidi ya 80. Mbele ya hilo kuzungumzia magazeti ni aibu, na baba mdogo mwenyewe hakulifungua lile sanduku mpaka miezi mingi ilipopita. Lilikuwa chini ya kitanda. Maji ya tope yaliingia kwa chini, yakafika kiasi cha kiganja. Yaliyolowa ni yale ya chini kabisa, 13.

Yule mnunuzi alipokwisha kugawa mafungu yake, 11, 17 na 13, baba mdogo aliomba nafasi ya kufikiri mpaka kesho yake. Usiku ule nilichukua daftari nikalinganisha. Nilikuwa nataka tu kujua ni miaka gani inaondoka.

Katika yale 11 ya shilingi 15,000, manane safu ya "aliyeazima" ni tupu. Matatu yana jina moja moja. Yale 17 ya fungu la pili yana majina manne, matano, sita. Na yale ya tope? Moja lina majina kumi na manne. Nikamwuliza baba mdogo ilikuwaje yaliyopendwa yawe chini. Akacheka. "Mwanangu, yale kila mtu alikuwa anayataka. Nikayaficha chini kabisa ili nikiulizwa niseme hayapo." Na haya manane ambayo hayakuazimwa? "Hayo hayakuwa na utamu. Ndumila hayumo, au yumo kidogo tu."

Kwa hiyo bwana mnunuzi, bila kujua, aliandika bei ya juu kwa magazeti ambayo wasomaji wa Basotu waliyakataa miaka arobaini iliyopita, na akaandika sifuri kwa yale waliyoyagombania. Sijawahi kuona uhakiki uliokosea kwa ukamilifu namna hiyo.

Simlaumu kwa uroho. Hakuwa mroho, na bei yake ilikuwa ya juu kuliko yote niliyowahi kusikia. Kosa lake si lake peke yake. Kule Marekani usafi ni nusu tu ya bei. Nusu nyingine ni maarifa. Wanajua Superman alianza toleo gani, mchoraji fulani aliingia lini na kutoka lini, na gazeti chafu lenye mwanzo wa mhusika mkubwa linaweza kuliacha mbali safi lisilo na kitu. Toleo la Sani ambamo Ndumilakuwili alitokea mara ya kwanza ukimletea huyu jamaa, kama lina tope atalirudisha. Hana orodha ya kumwambia alichoshika. Kwa hiyo kimebaki kipimo kimoja tu kinachoonekana kwa macho, usafi, na usafi wa gazeti la kusomwa maana yake ni kwamba halikusomwa.

Hapo ndipo narudi kwenye ile habari ya mikono. Mimi nataka kuandika juu ya Ndunguru kama tunavyoandika juu ya Shaaban Robert au Kezilahabi: mkono wake ulianzaje, ulikomaa wapi, aliyemrithi aliiga nini na akashindwa nini. Huwezi kuyajua hayo kwa gazeti moja safi. Unahitaji mfululizo, 1984 mpaka 1988 tuseme, lichanike lisichanike. Mchezo wa Ndumilakuwili wenyewe unadai hivyo. Mwenye kauli mbili kwenye riwaya inabidi mwandishi akueleze kwamba amesema hili huku na lile kule. Kwenye katuni unayaona masanduku mawili yamekaa ubavu kwa ubavu, anamwambia huyu hivi, anamwambia yule vile, na katikati kuna kijinafasi cheupe ambacho wahusika wengine hawawezi kukivuka. Wewe msomaji ndiye pekee uliyesikia vyote viwili. Unacheka kwa sababu umefanywa mshiriki. Toa ukurasa mmoja, au toleo moja la hadithi inayoendelea, na huyo mwongo anageuka mtu mkweli. Kila pengo kwenye mfululizo linabadilisha maana ya kilichobaki.

Wapo waliofanya kazi hii kabla yangu. Jigal Beez aliandika juu ya katuni za mwanzo za Kiswahili, na Matthias Krings juu ya hadithi za picha zilizotufikia kutoka kusini, zile za Lance Spearman, na juu ya Film Tanzania iliyohaririwa na Faraji Katalambula, yuleyule wa Simu ya Kifo. Ninawashukuru. Lakini mtu wa Kiswahili akitaka kuhakiki Film Tanzania inabidi amsome Krings kwanza, kwa Kiingereza, halafu aanze kutafuta gazeti lenyewe. Mimi sijawahi kushika hata toleo moja. Nimemsoma Katalambula wa riwaya mara nyingi tu; Katalambula wa picha namjua kwa kusimuliwa.

Nisiwe mnafiki, kuna upande wa pili. Bei inaokoa. Kabla ya 15,000 kulikuwa na maandazi. Kama mwaka 1985 mtu angesema Sani moja litakuwa na thamani ya kuku, nusu ya hayo yaliyokwenda msalani yangekuwepo. Na baba mdogo paa lake lilihitaji mabati tangu ile Desemba; mapenzi yangu kwa Ndunguru hayazuii mvua. Nilimwambia nitayanunua yote 41 mimi, kwa 5,000 kila moja, pamoja na ya tope. Akapiga hesabu haraka kama karani: 205,000 yangu dhidi ya 199,000 ya jamaa. Akasema, "Na wewe utalipa lini?" Swali zuri. Mimi ningelipa kwa mafungu matatu mpaka Krismasi. Jamaa alikuwa na pesa mfukoni.

Basi asubuhi yake aliuza yale 11 tu, 165,000 taslimu. Yale 17 alikataa kuyatoa kwa 2,000, akasema bei hiyo ni ya dharau, na nilifurahi. Mimi niliondoka na mkopo wa yale 30 yaliyosalia, mkopo, siyo zawadi. Nimeandikwa kwenye daftari kama wengine, na nimepewa tarehe ya kurudisha. Nimeyapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Ya tope nililazimika kuyatenganisha kwa kisu cha mezani, na kurasa nyingine hazikukubali.

Daftari lenyewe jamaa hakuliuliza. Lilikuwa juu ya kiti, mbele yake, muda wote. Mimi ningelinunua hilo kabla ya gazeti lolote: ndiyo hesabu pekee ninayoijua inayoonyesha toleo gani la Sani lilisomwa na watu wangapi, wapi, mwezi gani.

Moja ya hadithi za Ndumilakuwili kwenye ninayoyasoma sasa inakwenda matoleo manne. Nina la kwanza, limeoza kona. La pili, halina jalada. Na la nne, lenye tope mpaka katikati. La tatu lilikuwa safi sana. Lina jina moja tu kwenye daftari, la mtu aliyelirudisha kesho yake.

Kama una Sani la kabla ya 1990, popote ulipo, usiniuzie, na sitakuuliza kama ni safi. Nitumie namba ya toleo, tarehe iliyochapwa, jina la mchoraji kama limeandikwa, na hadithi zilizomo. Ukiwa na muda, hesabu na majina ya walioliazima. Nimeanza orodha na 58 za baba mdogo. Hata kama jalada halipo.